Mjumbe Asiye na Kura

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Unguja. Pasi yake ya zamani, niliyoikuta sandukuni baada ya mazishi, haikumwita raia wa mahali popote. Ilimwita mtu aliye chini ya ulinzi wa Mwingereza. Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Labda ndiyo sababu habari za Federico Degetau zimenikaa moyoni kuliko za watu wengi mashuhuri kumshinda.

Degetau alizaliwa mwaka 1862 mjini Ponce, katika kisiwa cha Puerto Rico, koloni la Hispania. Alisomea sheria Madrid, akawa wakili na mwandishi, na mwaka 1898 akaingia Bunge la Hispania kuwakilisha kisiwa chake. Hakukaa. Mwaka ule ule Wamarekani walikiteka kisiwa, na kwa Mkataba wa Paris Hispania ikakitoa kama mtu atoavyo shamba pamoja na wakazi wake. Hali ya wenyeji, mkataba ulisema, itaamuliwa na Bunge la Marekani.

Sheria ya Foraker ya 1900 ilianzisha cheo cha Kamishna Mkazi huko Washington, na Degetau akachaguliwa kuwa wa kwanza. Sheria iliagiza idara za serikali zimtambue. Kuhusu kiti Bungeni ilikaa kimya. Mwaka 1902 ndipo aliporuhusiwa kuingia ukumbini, na 1904 kusema. Kura hakupewa kamwe. Hebu fikiri: mtu aliyekuwa na kura katika Bunge la mfalme, sasa anabisha hodi kwenye Baraza la jamhuri!

Alipokosa kura alirudia uwakili wake. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la ushuru wa machungwa, ilikwisha kuamua kwamba Puerto Rico ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu yake kamili. Mwaka uliofuata binti mmoja mjamzito, Isabel González, alizuiwa Ellis Island, mlangoni pa New York, kwa hoja kwamba ni mgeni atakayekuwa mzigo. Mawakili wake walipofika Mahakama Kuu, Degetau naye akawasilisha hoja zake za maandishi. Wakati huo Isabel alikuwa ameolewa kwa siri, na ndoa ile peke yake ingetosha kumfungulia njia. Aliificha ili shauri liendelee. Kwangu mimi ujasiri wake haupungui hata chembe ukilinganishwa na wa wakili.

Tarehe 4 Januari 1904 majaji wote waliafikiana: watu wa Puerto Rico si wageni. Je, ni raia? Hapo majaji wakafunga jalada.

Nadhani Degetau aliiamini mno Katiba ya wengine. Alitaka kisiwa kiwe jimbo kamili, na alidhani hoja nzuri ikisomwa vizuri itazaa haki. Mwaka 1904 wapiga kura wa kwao walikipa ushindi chama pinzani, naye akaondoka Washington 1905. Alifariki Santurce mwaka 1914. Uraia ulikuja 1917, kwa sheria, si kwa hukumu. Kamishna Mkazi bado yupo katika Baraza la Wawakilishi: huzungumza, hukaa katika kamati, na miswada inapopigiwa kura ya mwisho ukumbini, yeye hutazama.