Kambi Mbili

Ukisikia neno kambi, unawaza mahema, askari na sufuria kubwa ya ugali. Kwa Wagiriama, kambi ni wazee pia: baraza lao la juu, lililokuwa likiketi ndani ya kaya. Vita vya 1914 huku kwetu Kilifi na Malindi vilikuwa vita vya kambi hizo mbili, na swali lilikuwa moja tu. Nani ana uwezo wa kumwambia Mgiriama akae wapi?

Waingereza walidhani ni rahisi. Amri itoke Nairobi kwa gavana, ishuke Mombasa kwa Hobley, mkuu wa mkoa, imfikie Arthur Champion, ofisa aliyeletwa Ugiriamani 1912. Champion naye awaambie wazee walioteuliwa na serikali, nao wawaambie watu: lipeni kodi, toeni vijana wakafanye kazi. Jeshini mambo huenda hivyo. Lakini wazee hawa wa kuteuliwa nani angewasikiliza? Hata kambi yenyewe ilikuwa imepungukiwa nguvu, maana watu walishatoka kayani zamani, wakatawanyika wakilima hadi ng'ambo ya Mto Sabaki.

Mekatilili wa Menza hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na sauti, na 1913 watu wakala kiapo Kaya Fungo. Kiapo kile kiliingia nyumba ambazo amri ya Champion iliishia mlangoni. Serikali ikamkamata yeye na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka mbali, Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu.

Basi serikali ikageukia mahali penyewe. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wiki mbili hazijaisha, kambi ya Champion nayo ikashambuliwa. Wanajeshi wa KAR wakaletwa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Masharti ya amani yakawa matatu: faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na kila mtu ahame kaskazini ya Sabaki.

Sharti hilo la tatu ndilo lililouma zaidi, kwa sababu huko ndiko chakula kilikotoka. Bunduki iliweza kuwahamisha watu, ila haikuwapa sababu ya kubaki walikopelekwa. Ukivuka daraja la Sabaki leo ukielekea Marafa, angalia walio shambani. Ni Wagiriama.