Mfuko wa Barua za Ujiji

Leo tutasoma habari za barua zilizoletwa Ujiji zamani, kabla ya posta na kabla ya reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914.

Mwaka 1869 Dk. Livingstone alikuwa Ujiji. Aliandika barua nyingi, akawapa wafanya biashara wazipeleke pwani. Nyingi zikapotea. Basi huko Uingereza watu wengine wakasema amekwisha kufa.

Barua za kumjia nazo zilikuwa na taabu yake. Mfuko mmoja uliandikwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Wapagazi wakavuka nao mpaka Bagamoyo, na huko wakakaa hata Februari! Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mzigo ukasimama. Kisha vita vya Mirambo na Waarabu vikafunga njia.

Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akaukuta mfuko huko. Akamchukua na tarishi wake, wakazunguka upande wa kusini, wakafika Ujiji mwishoni mwa 1871. Mfuko ulikuwa umesafiri karibu mwaka mzima. Watu hupenda kusimulia jinsi Stanley alivyomwamkia Livingstone. Lakini msimsahau tarishi. Aliitwa Kaif Halek, maana yake kwa Kiarabu "U hali gani?" Jina zuri kwa mchukua barua. Livingstone alisoma barua moja mbili za watoto wake, kisha akataka kwanza habari za dunia.

Mwaka 1872 Stanley alirudi pwani na barua za Livingstone, pamoja na kitabu chake cha safari kilichopigwa lakiri. Lakiri ni nta ngumu iyeyushwayo kwa moto. Ikivunjwa, utajua kuwa mzigo umefunguliwa njiani. Lakini huko Ulaya wengine walisema, "Barua hizi ameziandika Stanley mwenyewe." Mnaona? Barua imefika, na bado haisadikiwi. Siku hizi barua pepe ni vivyo hivyo. Mtu akiweka mashine yake mwenyewe ya kupeleka barua pepe, lazima aitilie alama yake ya siri, kama lakiri. Asipofanya hivyo, mashine ya upande wa pili huweza kuzikataa barua zake, au kuzitupa penye takataka.

Mwaka ule neno lilikatwa na mtoto wa Livingstone, aitwaye Tom. Alizitazama karatasi, akasema mwandiko huu ni wa baba yangu.

Sasa shikeni kalamu, mwandike: tarishi, mfuko, lakiri, mwandiko.