Mwalimu wa Kwaya: Aimbe au Anyamaze?

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mliomo madarasani, kila tukutanapo kwaya huimba, na kila mara huzuka ubishi: je, mwalimu wa kwaya aimbe pamoja na wanakwaya wake, au aongoze kwa mikono tu? Naona historia ya hapa kwetu yaweza kutusaidia.

Kabla ya kwaya za misheni, wimbo uliongozwa kwa sauti. Kwa Wamasai wa Ngorongoro yupo olaranyani, ambaye hutoa mstari na wenzake wakaitikia. Kwa desturi huwa ni yule aujuaye wimbo vizuri zaidi, na wengine huweza kumpokea. Kwa Wairaqw wa Karatu, katika slufay, mzee hutamka maombi na baraka, na mkutano huitikia. Hapo kiongozi akinyamaza, wimbo hauendi wala sala.

Wamisionari walileta desturi nyingine, yaani sauti nne kuimbwa kwa pamoja. Solfa, iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ilirahisisha kazi, kwani huandikwa hata ubaoni kwa herufi tupu. Kwa solfa hiyo Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ikawa ya wimbo wetu wa taifa mwaka 1961.

Katika sauti nne, kazi kubwa ya mwalimu ni kusikiliza. Akiimba besi kwa nguvu, husikia besi yake kwanza; sauti ya pili ikishuka hana habari.

Tena lipo jambo zito zaidi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na uhamisho naujua. Nimeona kwaya nzuri ikinyong'onyea mara tu mwalimu wake alipohamishwa, kwa sababu wanakwaya walikuwa wamezoea kuegemea sauti yake. Olaranyani akiondoka, yupo wa kumpokea. Kwaya ile haikuwa naye.

Rai yangu basi ni hii. Wakati wa mazoezi mwalimu aimbe sauti zote nne, maana wengi wetu hujifunza kwa kusikia. Siku ya kuimba atoe sauti ya kuanzia, kisha anyamaze. Palipo na kiitikio, uanzishaji apewe mwanakwaya. Ninyi vijana mlio katika kwaya ya shule, jaribuni wimbo mmoja bila sauti ya mwalimu, mpime wenyewe.