Nguo za Kumkumbuka Marehemu: Mara, Alabama na Buganda

Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama tarehe 23. Khanga zenye picha yake zilichapishwa, na kina mama wakazivaa. Tanzania ilimfanyia Baba wa Taifa kile ambacho familia za Musoma na Bunda, mkoani Mara, huwafanyia wazee wao: sare ya kitenge kwa wana na wajukuu, khanga kiunoni, na siku hizi fulana zenye picha ya marehemu, jina lake na miaka yake.

Kitambaa chenyewe hakikuwahi kuwa cha marehemu. Kimetoka kiwandani, kimenunuliwa dukani. Sanaa yake iko katika kuchagua na kugawana. Wanawake wa ukoo hukubaliana rangi na maua, wakachangishana, kisha fundi cherehani akakata jora lilelile mishono tofauti: gauni la shangazi, shati la mjukuu, kilemba cha mjane. Mgeni anayefika kuhani, hata kama hamjui mtu, huona mara moja nani wa kupewa pole kwanza. Nguo imemwonyesha marehemu kwa kuwaonyesha aliowaacha.

Gee's Bend, kijiji cha wakulima weusi wa Alabama, Marekani, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu, akazichana na kuziunga kuwa mfarishi wa viraka. Binti yake, Arlonzia, alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Hapa hakuna kilichonunuliwa kwa ajili ya msiba. Nguo hizo zilichakazwa na mwili wa mtu mmoja, na mpauko na madoa yake yamebaki. Mara huanza na jora jipya linalovaliwa na wengi. Missouri alianza na nguo kuukuu, akatengeneza kitu cha kitanda kimoja.

Na bado kuna udugu kati yao. Gee's Bend ilikuwa nchi ya pamba, kama Bunda ilivyo nchi ya pamba, na Musoma ilijengewa kiwanda cha nguo, MUTEX. Pande zote mbili, wanaomlilia mtu kwa nguo ni watu wanaoijua pamba tangu shambani.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Buganda nchini Uganda, nguo ya msiba haihitaji pamba. Kitambaa cha huko, lubugo, hutokana na gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi lilainike na kutanuka. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Marehemu huviringishwa lubugo akazikwa nalo. Kwa hiyo nguo iliyo bora haibaki kwa walio hai, bali humsindikiza aliyeondoka.

Mila hizi tatu hazipimwi kwa mizani moja. Anayedai kwamba sare iliyochapwa kiwandani si sanaa kwa sababu haikushonwa kwa machozi ya mtu mmoja, ameipima Mara kwa kipimo cha Alabama. Anayeona lubugo limepotea bure ardhini hajaelewa kwamba Buganda huona heshima katika kutoa. Lubugo hushughulikia safari ya marehemu, mfarishi hushughulikia upweke wa mjane, na sare hushughulikia ukoo uliopungukiwa na mtu, unaohitaji kujihesabu upya.

Lakini sare ina udhaifu ambao mfarishi hauna: msiba ukipita, huwa nguo ya shambani, na asiyekuwepo hawezi kujua ilikuwa ya msiba wa nani. Kupitia Arlonzia, Gee's Bend inatufundisha kusimulia. Mwenye khanga ya msiba wa bibi kabatini na amwambie mjukuu ilikuwa ya nani, nani aliichagua, na kwa nini maua yale. Bila masimulizi hayo, itabaki khanga tu.