Mtoto Aliyebaki Garini: Majuto na Penzi Lililopotea katika Les Parapluies de Cherbourg

Katika falsafa ya maadili imezoeleka kudai kwamba mtoto hufuta majuto. Hoja hiyo inatokana na Derek Parfit, ambaye mwaka 1984 alitupa kisa cha msichana wa miaka 14 anayeamua kuzaa angali mtoto mwenyewe. Uamuzi ni mbaya na kila anayemtakia heri anamwambia hivyo. Lakini akishampakata mwanawe na kumpenda, atawezaje kutamani kwamba asingezaa? R. Jay Wallace, katika The View from Here (2013), alikipanua kisa hicho kikawa nadharia kamili: tukiwapenda watu waliomo katika maisha yetu ya sasa, hatuna budi kuyaridhia na yale yaliyotufikisha kwao, hata yakiwa maovu. Kwa msichana wa Parfit, naona nadharia hiyo inasimama. Ninachokataa ni kuipeleka kwenye kila penzi lililovunjika na watu wakaoa na kuolewa kwingine. Ushahidi wangu ni filamu moja, na ndani ya filamu hiyo, dakika chache za mwisho.

Les Parapluies de Cherbourg ya Jacques Demy ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1964. Maneno yote ya filamu hii yanaimbwa, hata mazungumzo ya gereji, kwa muziki wa Michel Legrand. Mwigizaji Catherine Deneuve tunayemwona si tunayemsikia. Sauti ni ya mwimbaji Danielle Licari. Kisa chenyewe hakina ugeni kwa mtu aliyekulia na sinema za Kihindi. Guy, fundi wa gereji, na Geneviève, binti wa mwenye duka la miamvuli, wanapendana mjini Cherbourg mwaka 1957. Guy anaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria na kupelekwa Algeria. Anaondoka Geneviève akiwa na mimba ambayo wote wawili hawajaijua. Barua zinaadimika. Mama, Bi. Emery, mjane aliyebanwa na madeni, anamwona Roland Cassard, mfanyabiashara wa vito, kuwa ndiye wa kuwatoa shimoni. Cassard anaposa, anaikubali mimba isiyo yake, na ndoa inafungwa. Guy anarudi mwaka 1959 akichechemea na kukuta duka limekwisha kuuzwa. Anapotea katika pombe kwa muda, kisha anamwoa Madeleine, aliyekuwa akimuuguza shangazi wa Guy, na kwa urithi wa shangazi huyo ananunua kituo cha mafuta.

Kuhusu rangi za filamu hii na muziki wake wahakiki hawana ugomvi, nami sina la kuongeza. Ugomvi uko kwenye vita. Wako wanaosema vita ndivyo vilivyoliua penzi, na Demy mwenyewe aliieleza filamu yake kuwa inapinga vita na utengano. Hoja yao haidharauliki. Le Petit Soldat ya Jean-Luc Godard, iliyopigwa mwaka 1960, ilizuiwa hadi 1963 kwa sababu ya kuigusa Algeria. Kuitaja nchi hiyo waziwazi katika filamu ya mapenzi mara tu baada ya hapo hakukuwa jambo dogo. Upande wa pili unajibu kwamba Algeria ya Demy ni jina tu kwenye bahasha, kwa kuwa hatuoneshwi Mwaljeria hata mmoja. Kuhusu Algeria nakubaliana na upande huu wa pili. Kuhusu penzi, pande zote mbili zinakwepa swali. Vita vilimwondoa Guy, lakini havikumwoza Geneviève. Tukivitwisha vita mzigo wote, kinachobaki ni msiba, na msibani watu hupeana pole. Hakuna anayeulizwa ulifanya nini.

Hapa mwanafalsafa Bernard Williams anatufaa kuliko wanahistoria wa filamu. Alipambanua masikitiko ya yeyote aliyeshuhudia jambo na yale ya aliyelitenda. Dereva wa lori aliyemgonga mtoto pasipo kosa lake huumia kwa namna ambayo abiria wake hawezi kuumia, na tungemshangaa asingeumia hivyo. Wahusika wa Demy wote wako kwenye kiti cha dereva. Guy aliandika barua chache mno. Geneviève alisubiri, halafu akaacha kusubiri. Cassard naye anajua kupokonywa ni nini, maana katika Lola (1961), filamu ya awali ya Demy, yeye ndiye aliyeachwa. Katika filamu hii anamsimulia Bi. Emery habari hiyo huku kamera ikiturudisha kwenye Passage Pommeraye kule Nantes, sasa pakiwa patupu. Anaijua ladha ya kukosa, na bado anaposa.

Bi. Emery ndiye anayelaumiwa upesi kuliko wote, na sioni kama ni haki. Hamlazimishi bintiye, anamshauri, anasubiri, anashauri tena, na anamwambia kwamba watu hufa kwa mapenzi kwenye sinema tu. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu watazamaji wa Zanzibar wa miaka ya 1950 na 1960, ameonyesha jinsi walivyozitumia filamu za Kihindi kujadili mapenzi, wazazi na ndoa za kupangiwa. Nina hakika Bi. Emery angepata mawakili katika baraza lolote la Ng'ambo kule Zanzibar, na miongoni mwao wangekuwemo mabinti.

Sasa tuitazame tamati. Ni Desemba 1963, mkesha wa Krismasi, na theluji imekifunika kituo cha Esso. Madeleine anatoka na mwanawe mdogo, François. Mara gari la Mercedes linaingia. Geneviève ndiye dereva, nywele zimefungwa juu, koti la manyoya mabegani. Pembeni yake ameketi msichana mdogo. Guy anamkaribisha ndani kwa sababu ya baridi, na mtoto anabaki garini. Wanazungumza kama watu wanaopima kina cha maji kwa mguu. Geneviève anausifu mti wa Krismasi na kuuliza kama Guy ndiye aliyeupamba. Guy anajibu kwamba ni mkewe, na kwamba hasa ni kwa ajili ya mtoto. Kijana wa pampu anachungulia kuuliza aina ya petroli. Geneviève anaeleza kwamba mama yake amefariki. Guy anauliza msichana amepewa jina gani, naye anamjibu: Françoise. Geneviève anaongeza kwamba mtoto amechukua mengi kwa Guy, kisha anamuuliza kama angependa kumwona. Guy anakataa na kumwambia kwamba anaweza kwenda.

Jina hilo halikuokotwa. Mwanzoni mwa filamu, wapenzi hawa wakiota maisha yao, walikwisha kukubaliana kwamba binti yao ataitwa Françoise. Katika ndoto hiyohiyo kulikuwa na kituo cha mafuta. Kwa hiyo kila mmoja ameishi nusu ya mpango uleule akiwa na mwenzi mwingine, na pande zote mbili mtoto amebeba jina lilelile.

Kwa mizani ya Wallace, Guy hana nafasi ya kujuta. Geneviève angemsubiri, François asingezaliwa, na baba anayempenda François hawezi kuyatamani maisha ambayo François hamo. Naam. Lakini hesabu hiyo ni safi kwa kuwa imehesabu mtoto mmoja. Garini yuko wa pili, naye ni damu yake pia. Maisha yaleyale yaliyompa François ndiyo yaliyomnyima Françoise. Wallace ana jibu hapa: mtu anaweza kuiridhia jumla ya maisha yake huku akisikitikia sehemu fulani. Jibu hilo linatosha kwa kazi iliyopotea au mji uliohamwa. Mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya jumla ya mtu mwingine.

Atakayenijibu kwamba Guy hampendi Françoise, na kwamba bila upendo hakuna dai lolote dhidi ya ridhaa yake, anaipa nguvu hoja yangu. Kwa nini hampendi? Kwa sababu hajamjua. Na kwa nini anakataa kumjua, mtoto yuko hatua chache tu nje ya mlango? Kwa maoni yangu Guy anaielewa nadharia hii kuliko walioiandika. Anajua kwamba akimtazama vizuri atampenda, na akimpenda hataweza tena kusema kwa moyo mmoja kwamba mambo yalikwenda yalivyopaswa. Ridhaa yake basi haikuletwa na François. Ni kazi anayoifanya mwenyewe, kwa kuchagua nani wa kumtazama, na kwa kazi hiyo kuna mwingine anayelipa. Mtoto hajafuta majuto ya baba. Baba ndiye anayeyazuia mlangoni.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye muziki. Hapa mwishoni Legrand anarudisha kwa nguvu zote wimbo uleule wa kuagana stesheni, na msikilizaji hulia. Wako wanaohitimisha kwamba filamu yenyewe inajuta na inatamani wawili hawa wangeoana. Sishawishiki. Wimbo unatukumbusha sisi walichokuwa. Wao wawili hawausikii. Mara gari likiondoka, Madeleine na François wanarejea, na Guy anambusu mkewe na kucheza na mwanawe kwenye theluji kwa furaha ambayo sioni sababu ya kuitilia shaka. Furaha ya kweli na deni lisilolipwa vinakaa nyumba moja bila kugombana, na nadharia inayodai kwamba kimoja lazima kimfukuze mwenziwe haijatazama nyumba nyingi.

Geneviève ndiye anayenipa shida. Maneno yake hayakiri lolote. Anasema kwamba alikwenda Anjou kumchukua binti kwa mama mkwe, kwamba tangu aolewe hajawahi kukanyaga Cherbourg, kwamba amepinda njia kidogo kabla ya kurudi Paris, na kwamba hakutarajia kumkuta Guy. Wahakiki wengi huchukua maelezo haya kama yalivyo na kuiita tamati hii bahati nasibu. Wafungue ramani. Anjou iko kusini-magharibi ya Paris. Cherbourg iko kwenye ncha ya rasi ya Cotentin, kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Paris kwa barabara. Kutoka Anjou kwenda Paris hakuna njia inayopita hapo, na aliyeamua kuipita ameirefusha safari yake mara mbili hivi, usiku wa Krismasi, kwenye theluji, akiwa na mtoto mdogo ndani ya gari. Yawezekana kweli hakujua kituo kile ni cha nani. Hata hivyo, aliujua mji, na aliujua umri wa mtoto aliyempeleka huko. Kama filamu hii ina mtu anayejuta kwa maana ya Williams, basi ni huyu, na ushahidi wake umo kwenye njia aliyoichagua zaidi kuliko kwenye lolote aliloliimba.