Kwa nini programu mbili za Java hazijuani

Umeingia kwenye tovuti ya chuo, umeandika neno la siri, umebofya kiungo cha maktaba, halafu unaulizwa tena: wewe nani? Wengi hudhani ni uzembe wa watengenezaji. Kwa programu za Java, mara nyingi ndivyo sheria inavyotaka.

Turudi nyuma kidogo. HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, haina kumbukumbu. Kila ombi ni mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akaleta kuki, kipande cha maandishi ambacho seva hukipa kivinjari, nacho hukirudisha kila kinapobisha hodi. Servleti za Java zikajenga juu ya hapo. Ukiingia, seva inakufungulia sesheni, yaani kumbukumbu zako zinakaa kwake, na kuki iitwayo JSESSIONID hubeba namba yake tu.

Sasa, kanuni rasmi za servleti zinasema sesheni ni mali ya programu moja. Hata programu mbili zikikaa kwenye seva ileile, yaliyomo hayavuki. Binafsi naona ni busara: nani anataka programu mbovu ya kantini ichungulie matokeo yake ya mtihani?

Lakini kuandika neno la siri kila mahali nako ni hatari. Kila programu inaliona, na moja tu ikivuja, basi, umekwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shawn Bayern wa Chuo Kikuu cha Yale alitengeneza mfumo wa CAS. Hakuuvunja ukuta. Alifuata wazo la tiketi lililokuwepo tayari kwenye Kerberos, mfumo uliozaliwa MIT miaka ya 1980. Programu ya maktaba inakupeleka kwa CAS, na neno la siri unaliandika hapo tu. CAS inakurudisha na tiketi inayotumika mara moja. Maktaba haiiamini hivihivi. Inaiuliza CAS yenyewe, pembeni, kama tiketi ni halali na ni ya nani. Ikijibiwa, inakufungulia sesheni yake. Ukienda programu ya pili, CAS inakutambua kwa kuki yake na kutoa tiketi nyingine bila kukuuliza kitu. Kinachoshirikishwa ni jibu la "huyu ni nani", sesheni zinabaki kila moja kwao.

Ndiyo maana kutoka kukawa kugumu kuliko kuingia. Ukifunga sesheni ya maktaba, ya matokeo bado ipo. Baadaye CAS iliongezewa uwezo wa kuzitumia programu zote ujumbe kwamba mtu ameondoka. Programu isiyoupata ujumbe huo huiacha sesheni yake wazi mpaka muda wake uishe, na kwenye kompyuta ya maabara, usipofunga kivinjari, anayekaa baada yako anaendelea pale ulipoishia.