Sauti ya Roboti Iliyogoma Kufa

Wadau, unajua kwa nini jamaa asiyeona anaiacha sauti tamu ya kwenye simu yake anachagua ile inayoongea kama roboti? Spidi tu. Sauti laini ukiikimbiza inameza maneno. Eloquence, sauti ya miaka ya 1990, hata uikimbize vipi herufi zinasikika.

iPhone ilianza kusoma skrini kwa VoiceOver mwaka 2009, Eloquence haimo. Ikaja kuingia na iOS 16, mwaka 2022. Miaka 13 jamani! Na Kiswahili haijui.

Kwenye Android kuna eSpeak, roboti tupu, ila ni ya bure na Kiswahili inasoma. Maana meseji ya mama ikisomwa na sauti ya Kizungu, hujui anakuombea dua au anakuomba hela.